Kiwanda kimoja, majina sita: nani hulipia langalanga?

Msimu wa 2019, gari la rangi ya waridi na buluu lilikatiza mitaa ya Monaco, pembeni ya boti za matajiri, likiwa limebeba neno ambalo mtu wa Kariakoo au Gikomba haombi kutafsiriwa: SportPesa. Jina hilo lilikuwa vifuani mwa Simba na Yanga tangu 2017. Julai ya mwaka huo ndilo lililowaleta Everton hadi Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kucheza na Gor Mahia. Sasa lilikuwa limepanda gari la langalanga, yaani Formula 1, na si ubavuni tu. Timu yenyewe iliandikishwa kwa jina la SportPesa Racing Point.

Miezi michache baadaye mambo yakaharibika Nairobi. Julai 2019 leseni ya kampuni hiyo ya kubeti nchini Kenya haikuhuishwa, Agosti ikakata udhamini wa Gor Mahia na AFC Leopards, na ilipofika mwisho wa Septemba ikasimamisha shughuli zake nchini. Gor Mahia, mabingwa wa Kenya, wakabaki wakihangaika na mishahara ya wachezaji. Kule Uingereza gari la waridi lilimaliza msimu wake, jina likafutwa, likaandikwa la kampuni ya Austria inayotengeneza mitambo ya kusafisha maji, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Mdhamini mmoja, anguko moja, matokeo mawili. Mtu akiniuliza fedha inafanyaje kazi katika langalanga huwa naanzia hapo, kwa sababu wengi hudhani mwenye jina kubwa kwenye gari ndiye anayelilipia. Mara nyingi siye, au hayuko peke yake. Jina ni ile fedha inayoonekana. Nyuma yake kuna fungu la zawadi, kuna mfuko wa mwenye timu, na kuna fedha inayoingia mlangoni ikiwa imeshikana mkono na dereva. Kila moja huja na masharti yake.

Ili kulifungua fundo hili sitazunguka timu zote. Nitabaki na hiyo hiyo ya gari la waridi, ambayo kiwanda chake kiko Silverstone, jirani kabisa na uwanja wa mbio. Tangu 1991 imeitwa Jordan, Midland, Spyker, Force India, Racing Point, na sasa Aston Martin. Karibu kila namna ya fedha iliyowahi kuingia katika mchezo huu imepita pale.

Kiti kina bei

Eddie Jordan, aliyefariki Machi 2025, alikuwa Mwairishi, karani wa zamani wa benki, na mtu ambaye angeweza kumuuzia samaki maji. Alipoingia Formula 1 mwaka 1991 alikuwa na gari zuri la kijani lenye nembo ya 7UP, na madeni ya kutosha. Agosti ya mwaka huo dereva wake, Bertrand Gachot, akafungwa jela London kwa kumpulizia dereva wa teksi gesi ya kuwasha macho. Siku chache kabla ya mbio za Spa, Ubelgiji, kiti kikawa wazi.

Mercedes walikuwa na kijana wa Kijerumani waliyekuwa wakimlea katika mbio za magari ya aina nyingine. Wakamlipa Jordan ili ampe kiti. Meneja wa kijana akaapa kwamba Spa anaijua vizuri, na ukweli ni kwamba hakuwahi kukimbia pale hata mara moja. Aliikagua kwa baiskeli. Akaanza mbio kutoka nafasi ya 7, klachi ikamfia kwenye mzunguko wa kwanza, na kabla ya mbio zilizofuata timu ya Benetton ikawa imeshamnyakua. Alikuwa Michael Schumacher.

Naieleza hadithi hii kwa sababu "dereva wa kulipia" limekuwa tusi. Likitajwa, watu humwona mtoto wa tajiri asiyejua kukata kona. Lakini bingwa wa dunia mara saba aliingia kwa mlango huo huo. Kabla yake Niki Lauda alikuwa amepata benki ya kumdhamini, babu yake, aliyekuwa na sauti ndani ya benki hiyo, akazuia. Lauda akaenda benki nyingine, akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akanunua kiti katika timu ya March na baadaye BRM. Akawa bingwa mara tatu. Fedha haikuwapa watu hawa kasi. Iliwapa siku ya kuionyesha, na uonevu wa mchezo huu umejificha hapo, kwa wale wenye kasi ambao siku yao haikufika.

Hesabu ya mwenye timu ni nyepesi. Ana viti viwili. Timu kubwa humlipa dereva fedha nyingi, kwa kuwa sehemu ya kumi ya sekunde inaweza kuleta ubingwa. Timu ndogo, ambayo haitashinda hata ikimweka nani, hukitazama kiti kimoja kama chumba cha kupangisha. Mpangaji anaweza kuja na shirika la mafuta la serikali, kama Pastor Maldonado alivyoingia Williams mwaka 2011 akiwa na PDVSA ya Venezuela. Alishinda mbio za Hispania 2012, na Williams hawajashinda nyingine tangu siku hiyo. Bei ya mafuta ilipoporomoka 2014, mfereji ukaanza kukauka, na kabla ya msimu wa 2016 kiti chake Renault kikapewa Kevin Magnussen kwa sababu malipo kutoka Caracas hayakufika. Mpangaji mwingine, Nikita Mazepin, alikuja Haas mwaka 2021 na kampuni ya mbolea ya baba yake, gari likapakwa rangi za bendera ya Urusi. Siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Machi 2022, mkataba ukavunjwa. Aliyeitwa kuziba pengo? Magnussen yule yule, akamaliza wa 5 katika mbio za kwanza za msimu.

Timu ya Sauber walivuka hata mpaka wa mwenye nyumba mjanja. Mwaka 2015 walifika Melbourne wakiwa na viti viwili na madereva zaidi ya wawili wenye mikataba mkononi. Giedo van der Garde, Mholanzi aliyeachwa nje, akawapeleka mahakamani huko huko Australia, mahakama ikampa haki, na wakamalizana naye kwa fedha ili asikae kwenye kiti alichokwisha kukilipia. Nimewahi kusikia visa vya dalali kupangisha chumba kimoja kwa watu watatu, lakini si mbele ya kamera za dunia nzima.

Chujio lipo. Tangu 2016 dereva anahitaji pointi 40 alizozikusanya katika madaraja ya chini ndani ya miaka mitatu ndipo apewe leseni ya Formula 1. Tatizo ni kwamba pointi hizo hukusanywa katika mashindano ambayo nako kiti hununuliwa. Chujio linamkamata mzembe. Maskini alishaachwa nyuma zamani, akiwa na miaka tisa au kumi kwenye gokati. Wachache huokotwa mapema, kama Lewis Hamilton aliyechukuliwa na McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13. Wazazi wa Mfaransa Esteban Ocon waliuza nyumba yao, wakahamia kwenye karavani, ili mtoto aendelee kukimbia. Mshike huyu Ocon akilini, nitarudi kwake.

Manyigu ya njano

Hadi 1967 magari yalivaa rangi za nchi: Waingereza kijani, Waitaliano nyekundu, Wafaransa buluu. Mwaka 1968 matangazo yakaruhusiwa, na waliopiga hodi wa kwanza walikuwa wauza sigara: Gunston nchini Afrika Kusini Januari ya mwaka huo, kisha Gold Leaf juu ya magari ya Lotus. Walikuwa na sababu. Uingereza ilishapiga marufuku matangazo ya sigara kwenye televisheni tangu 1965. Gari linalozunguka uwanjani karibu saa mbili ni tangazo ambalo televisheni ingelionyesha bila kuliita tangazo.

Uhusiano huo ulidumu zaidi ya miaka 30, na kwetu ulifika pia. Mashabiki wa Safari Rally wa miaka ya 1990 wanazikumbuka Subaru za buluu zenye 555 ya njano ubavuni. Ukiwa mtoto ungedhani ni namba ya gari. Ilikuwa pakiti ya sigara.

Jordan alimpata Benson & Hedges mwaka 1996, na gari likawa la njano. Katika nchi zilizokataza jina la sigara, timu haikulifuta, ilicheza nalo. Herufi za mwanzo zilibaki zile zile, mwandiko ule ule, rangi ile ile, lakini kwenye gari likasomeka Buzzin Hornets, manyigu yanayovuma, na puani likachorwa nyigu. Sheria ilikuwa imetimizwa na mvutaji alikuwa ameelewa. Ferrari baadaye walifanya jambo hilo kwa Marlboro bila hata neno moja: mistari tu kama ile ya bei ya dukani, waliyoiondoa 2010 baada ya kelele kuzidi. Miaka ya manyigu ndiyo iliyokuwa minono kwa Jordan. Ushindi wa kwanza ulikuja Spa 1998, na 1999 timu ikamaliza ya 3 duniani.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa inafunga mlango, na hapo ndipo fedha za langalanga zilipogusana na siasa waziwazi. Bernie Ecclestone, aliyekuwa akiendesha biashara nzima ya Formula 1, alikichangia chama cha Labour cha Uingereza paundi milioni 1 Januari 1997. Mei chama hicho kikashika serikali. Novemba serikali ikataka mchezo huo uachwe nje ya marufuku ya udhamini wa sigara. Habari za mchango zikatoka, chama kikaurudisha, na Tony Blair akalazimika kwenda kwenye televisheni kujieleza. Wahusika walikana kwamba kimoja kilinunua kingine. Mlango ulikuja kufungwa hata hivyo, 31 Julai 2005.

Jordan aliuona ukifungwa na hakupata wa kuchukua nafasi ya manyigu. Mwaka 2003 aliishtaki Vodafone London, akidai iliwahi kumhakikishia kwa simu udhamini wa dola milioni 150 kwa miaka mitatu, kisha ikaenda Ferrari. Alishindwa, na jaji hakumsifu. Mwanzoni mwa 2005 akauza timu. Midland na Spyker nawapita. Walikuwa wakikimbia nyuma, na kumbukumbu pekee ya maana ya kipindi hicho ni Indianapolis 2005, magari sita tu yalipoanza mbio na dereva wa Jordan, Tiago Monteiro, akapanda jukwaani wa tatu kwa furaha ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo siku hiyo.

Baada ya sigara walikuja mabenki, vinywaji vya kuchangamsha mwili, kompyuta, kubeti, sarafu za kidijitali. Wanachonunua hakifanani. Kampuni ya mafuta ya injini hutoa mafuta na wahandisi pamoja na fedha. Kampuni ya kompyuta hutoa mitambo ya kukokotoa. Wengine hawajali hata kamera: wanataka chumba chenye kiyoyozi nyuma ya gereji, mahali pa kumkalisha mteja mkubwa akiwa na sahani ya chakula na kusaini naye mkataba usiohusiana na magari hata kidogo.

Na jina kubwa linaweza kuwa hewa. Mwaka ule ule wa SportPesa, Haas walikimbia wakiwa na jina la kinywaji, Rich Energy, ambacho waandishi wa habari walihangaika kukipata madukani. Mahakama ya London ikaamua nembo yake ilinakiliwa kutoka kampuni ya baiskeli; Julai akaunti ya kampuni mtandaoni ikatangaza kuvunja mkataba kwa kuwa gari ni taratibu; kabla msimu kwisha nembo ilishatoka. Mercedes nao walikuwa na FTX, soko la sarafu za kidijitali, hadi Novemba 2022 ilipoanguka na wakabandua nembo kabla ya mbio za São Paulo. Kwa upande mwingine, Brawn walianza 2009 na gari jeupe karibu tupu na wakachukua ubingwa wa dereva na wa timu mwaka huo huo. Aliyelilipia gari hilo alikuwa Honda, aliyeondoka kwa hofu ya mdororo wa uchumi na kuiacha timu kwa paundi 1. Gari tupu lilikuwa na fedha nyingi ndani yake kuliko mengi yaliyojaa majina.

Pointi mbili za São Paulo

Chungu kikuu kiko hivi. Mwenye haki za biashara za Formula 1, ambaye tangu 2017 ni kampuni ya Marekani Liberty Media, hukusanya kutoka kwa waandaaji wa mbio, kwa vituo vya televisheni, na kwa wadhamini wa mashindano yenyewe. Mwaka 2024 mapato yalifika dola bilioni 3.4, na takriban bilioni 1.27 ziligawiwa timu 10. Mgawo hufuata mkataba uitwao Concorde, uliosainiwa mara ya kwanza 1981 na kupewa jina la eneo la wazi mjini Paris zilipo ofisi za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani. Undani wake ni siri. Kinachojulikana ni kwamba nafasi ya mwisho wa msimu inahesabika sana, na kwamba Ferrari hupata nyongeza kwa ukongwe tu, maana ndiyo timu pekee iliyoshiriki kila msimu tangu 1950.

Uzito wa nafasi hiyo ulionekana 13 Novemba 2016. Timu zilikuwa 11, na kwa utaratibu wa wakati ule 10 ndizo zilizoketi mezani. Ya 11 iliambulia makombo. Manor walikuwa na pointi 1, aliyoileta Pascal Wehrlein huko Austria. Sauber hawakuwa na kitu. Mbio zilikuwa za pili kutoka mwisho, São Paulo, mvua inanyesha, bendera nyekundu imepepea mara mbili. Felipe Nasr wa Sauber, Mbrazili, nyumbani kwao, akamaliza wa 9. Pointi 2. Dereva wa Manor aliyekuwa karibu zaidi alimaliza wa 12, naye ni yule Esteban Ocon.

Januari 2017 Manor wakawekwa chini ya usimamizi wa mahakama, na kabla ya mwezi kwisha milango ikafungwa. Zaidi ya watu 200 walipoteza kazi kwa tofauti ya pointi moja. Huenda ukadhani Nasr alijengewa sanamu. Mdhamini wake, Banco do Brasil, alikuwa anaondoka, na yeye akakosa kiti mwaka uliofuata. Aliyekipata ni Wehrlein, mwenye ile pointi 1 ya Manor, aliyekuwa akilelewa na Mercedes. Dereva aliyeijaza mifuko ya timu kwa mamilioni ya dola ametoka, aliyeshindwa naye ameingia.

Ocon yeye alikwenda Silverstone, kwa Force India.

Timu hiyo ilikuwa inafanya miujiza ya bajeti ndogo. Ilimaliza ya 4 mwaka 2016, ya 4 tena 2017, mbele ya wenye fedha kuizidi. Na bado ilikuwa inazama. Mwenyewe, Vijay Mallya, tajiri wa bia wa India, alikuwa amekwama Uingereza huku serikali ya kwao ikimtaka arudishwe kujibu mashtaka ya madeni ya shirika lake la ndege. Fedha za zawadi hulipwa kwa awamu mwaka unaofuata, wakati injini inadaiwa leo. Tena chungu chenyewe kilikuwa kimepinda: timu chache kubwa zilikuwa na malipo ya pembeni ambayo hayakutegemea nafasi. Septemba 2015 Force India na Sauber walikuwa wamepeleka malalamiko Tume ya Ulaya kuhusu jambo hilo, wakayaondoa mwanzoni mwa 2018 bila kupata walichotaka.

Julai 2018, wikiendi ya mbio za Hungaria, timu ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Aliyeomba hivyo ni dereva wake mwenyewe, Sergio Pérez wa Mexico. Alikuwa akiidai mishahara, na alichukua hatua hiyo kwa sababu mdai mwingine alitaka ifungwe moja kwa moja. Chini ya msimamizi angalau ingetafutiwa mnunuzi. Pérez naye alipanda ngazi akibebwa na fedha za Telmex, kampuni ya simu ya Carlos Slim. Hakuna asiye na fungu nyuma yake katika hadithi hii isipokuwa wale wa kwenye karavani.

Baba, mafuta na kikomo

Mnunuzi alikuwa Lawrence Stroll, Mkanada aliyetajirika kwa mitindo ya nguo, Tommy Hilfiger na Michael Kors. Alikuwa na mtoto dereva, Lance, aliyekuwa Williams. Agosti 2018 Stroll na wenzake wakainunua, wafanyakazi zaidi ya 400 wakabaki kazini, pointi 59 za nusu ya kwanza ya msimu zikafutwa, na timu ikaanza upya Spa. Pérez wa 5, Ocon wa 6. Msimu ulipokwisha, Ocon akatolewa na Lance akaingia. Ocon akakaa 2019 yote bila kiti.

Hapa ndipo lilipokuja jina la SportPesa, na ndiyo maana kuanguka kwake hakukuitikisa timu kama kulivyowatikisa Gor Mahia. Nyuma ya jina hilo kulikuwa na bilionea, na kulikuwa na chungu. Klabu ya Nairobi ilikuwa na jezi, na viingilio vya mlangoni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee, na katika michezo yetu ndugu huyo mara nyingi ni mmoja tu.

Nimtendee haki Lance: alipanda jukwaani Baku 2017 akiwa na miaka 18, na Novemba 2020 aliwazidi wote kwenye mvua ya Istanbul siku ya kupanga mstari wa kuanzia. Si mzembe. Ila hajawahi kuamka akijiuliza kama mkataba utarudiwa.

Tangu 2021 kumewekwa kikomo cha matumizi: dola milioni 145 mwaka wa kwanza, 140 uliofuata, 135 kama msingi wa 2023, wakati kabla ya hapo timu kubwa zilikuwa zikitumia zaidi ya milioni 400. Mishahara ya madereva haimo, wala ya wakubwa watatu wanaolipwa zaidi, wala injini, wala matangazo. Majengo na mitambo mikubwa ina hesabu yake pembeni. Red Bull walivuka kikomo cha 2021, wakatozwa dola milioni 7 na kupunguziwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya umbo la gari. Aston Martin, jina la sasa la kiwanda chetu, walitozwa dola 450,000 kwa makosa ya makaratasi. Stroll amejenga pale kiwanda kipya na mtambo wa upepo wa kisasa, na timu imemaliza ya 5 mwaka 2023 na ya 5 mwaka 2024, nafasi moja chini ya Force India wa mikopo.

Kikomo kimefanya jambo jingine: timu ndogo sasa ni mali. Kwa hiyo walio ndani hawataki chungu kigawanywe kwa wengi. Anayetaka kuingia hudaiwa fedha za kuwafidia, dola milioni 200 katika mkataba wa kuanzia 2021. Andretti walikataliwa Januari 2024 kwa hoja kwamba hawataongeza thamani. Mpango huo uliporudi ukiwa na jina la Cadillac na kampuni ya General Motors mbele, ukakubaliwa kuanza 2026.

Na jina la sasa kwenye gari la Silverstone ni Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, tangu 2022. Ijumaa ya 25 Machi mwaka huo, magari yakiwa mazoezini Jeddah, ghala la Aramco jirani na uwanja lilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Moshi ulionekana kutoka gerejini. Madereva walijifungia kikaoni usiku huo kwa muda wa zaidi ya saa nne. Jumapili wakakimbia. Mwandaaji wa mbio hulipa makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na kwa kawaida hubaki na viingilio tu, ndiyo maana waandaaji wengi wapya ni serikali: hazitafuti faida ya tiketi. Desemba 2024, Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio, katika bara ambalo halijazipata tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Ombi hilo likija kujadiliwa kwa hesabu, swali la kwanza litakuwa ada hiyo, kabla ya urefu wa barabara.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye msimu wa mwisho wa gari la waridi. Pérez, aliyeiokoa timu mahakamani, alikuwa na mkataba hadi 2022. Septemba 2020 aliambiwa aondoke, kwa kuwa jina la Aston Martin lilikuwa linakuja na lilihitaji bingwa, Sebastian Vettel. Kati ya viti viwili, ndicho pekee kilichoweza kuwa wazi. Pérez alimaliza mwaka na pointi 125, Lance 75.

Tarehe 6 Desemba mwaka huo, Sakhir, Bahrain, Pérez aligongwa kwenye mzunguko wa kwanza akaangukia nafasi ya mwisho. Akapita mmoja mmoja hadi wa kwanza, akashinda. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika mbio 190, na wa kwanza kwa timu hiyo tangu ilipoitwa Jordan, mwaka 2003. Wa pili alikuwa Ocon, sasa akiwa na Renault. Wa tatu Lance Stroll. Wakapanda jukwaani, wakapigiwa wimbo wa Mexico, wakamwagiana. Siku 12 baadaye Pérez alitangazwa Red Bull. Kati ya watatu hao, aliyerudi Silverstone msimu uliofuata ni mmoja.